Ochong'a wapimwe bila mchanga

Mhariri,

Katika fuo za Kisumu, ochong'a bado huitwa takataka za omena, yaani dagaa. Ni kamba wadogo wa maji baridi, Caridina nilotica kwa jina la kitaalamu, wasiozidi sentimita 3. Mchana hujificha kwenye mizizi ya mafunjo na magugu maji au huteremka vilindini. Usiku hupanda, na hapo nyavu za omena huwazoa. Mbuta (sangara) wachanga wamewategemea sana tangu fulu, samaki wadogo, walipopungua katika Ziwa Victoria miaka ya 1980. Takataka gani hiyo?

Shida ni gunia tunalouziwa kwa chakula cha kuku. Ochong'a mkavu ni mwepesi kama pumba, na akianikwa mchangani, chembe hunasa katikati ya miguu na masharubu. Ukifagia unazoa vyote, na mizani haibagui. Kuku hapati kitu humo, na mashine ya kusaga inalika kabla ya wakati.

Mnunuzi anaweza kujipimia. Tia gramu 100 kwenye beseni la maji, koroga, kisha mimina upesi kabla ochong'a hawajalowa wakazama. Rudia mara tatu au nne. Kinachobaki chini na kukwaruza vidoleni, kikaushe ukipime: kila gramu 1 ni nusu kilo ya mchanga katika gunia la kilo 50.

Muuzaji naye atengeneze kichanja cha kimo cha kiuno, atandike nyavu kuukuu zenye matundu madogo, amwage ochong'a kwa unene wa kidole na kuwageuza mara kwa mara. Waliokauka huvunjika wakifinywa. Wanaopinda tu bado wana maji. Msimu wa mvua ndio mtihani: wakirundikwa mbichi usiku kucha rundo hupata joto, huwa jeusi na kunuka, na wakifungiwa kwenye gunia kabla ya kukauka huota ukungu. Hao wa ukungu wasilishwe mnyama yeyote, hata kwa bei ya kutupa.

Tahadhari moja kwa wanaochanganya chakula wenyewe: msibadilishe omena kwa ochong'a kilo kwa kilo. Maabara hukadiria protini kwa kupima naitrojeni, na ganda la ochong'a lina naitrojeni yake ambayo kuku hafaidi sana. Karatasi ya vipimo itapendeza kuliko chakula chenyewe.

Watengenezaji wa chakula cha mifugo,
Kisumu