Gari la kulala si la watalii peke yao

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu magari yaliyogeuzwa nyumba, mwandishi ameeleza vizuri habari za wageni wanaozunguka mbuga zetu huku wakilala ndani ya magari yao. Picha zilipendeza. Ila mtu akimaliza kusoma atadhani gari la kulala ni starehe ya watalii, na kwamba sisi wengine halituhusu. Naomba nafasi nieleze ya upande wetu, maana sehemu kubwa ya mwezi mimi nalala ndani ya Hiace, na wenzangu wa kazi hii ni wengi.

Nauza mitumba minadani. Nyumbani ni Babati, na tangu lami ya Dodoma–Kondoa–Babati izinduliwe mwaka 2018 mzunguko wangu umepanuka: Katesh, Singida, Kondoa, Kongwa, na Jumamosi Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Anayeijua kazi hii anajua kwamba sehemu nzuri ya kutandika turubai hupatikana alfajiri. Ukilala gesti mjini, ukifika wenzio wameshapanga. Ndiyo maana wengi hulala uwanjani, juu ya mabelo, chini ya meza, au kwenye kiti cha mbele shingo imepinda. Na huyo huyo kesho yake asimame juani kutwa nzima akinadi nguo kwa sauti! Mimi na mdogo wangu ninayefanya naye biashara tukaamua gari letu liwe na kitanda cha kweli.

Hiace ndefu isiyo pana ina upana wa mita 1.69 kwa nje. Ukitoa unene wa bodi, mtu mzima hawezi kujinyoosha akilala kukingama, kwa hiyo kitanda lazima kifuate urefu wa gari. Tulitafuta yenye paa la juu, karibu mita 1.6 kutoka sakafuni hadi darini, ili mtu aweze kukaa kitandani kichwa kikiwa wima. Kisha nikambebea fundi wa kuchomelea belo lenyewe la kilo 45 mpaka gereji. Tukaliweka sakafuni, akapima kimo cha kitanda juu yake, ili mabelo yaingie chini. Fremu ni ya mabomba ya mraba, imekazwa kwa bolti kwenye matundu yaleyale yaliyoshika viti, na juu yake kuna plaiwudi iliyotobolewa matundu mengi ili godoro lipumue upande wa chini. Godoro ni la futi 4 kwa 6, la dukani, na pembeni imebaki njia nyembamba ya kupitisha miguu. Nawasihi wanaotaka kufuata njia hii wasikubali kukatiwa godoro la umbo la pekee, kwani likichoka utahangaika nalo. La futi 4 kwa 6 lipo kila mji.

Lakini kitanda kikiwa kizuri na hewa ikawa mbaya, hulali. Hapo ndipo naona vijana wetu wanapotezwa na picha za mitandaoni. Huko Ulaya wanaishi na theluji, kwa hiyo wanajaza kuta za gari vitu vya kuzuia baridi na kuziba kila upenyo. Adui yetu sisi ni jua la saa 8 mchana juu ya bati. Anzeni na paa. Sisi tulivua dari ya kitambaa, fundi akabandika ile karatasi ya kung'aa yenye sponji inayowekwa chini ya bati la nyumba, akaacha nafasi ya vidole viwili, ndipo akapiga plaiwudi nyembamba. Nafasi ile si ya bure. Karatasi ya kung'aa hurudisha joto pale tu inapotazamana na hewa, na ukiibana katikati ya mbao na bati inakuwa karatasi tu. Paa kwa nje tulilipaka rangi nyeupe.

Usiku mambo hugeuka. Katesh, chini ya Mlima Hanang, mwezi wa 7 kuna baridi ya kutetemesha, na watu hufunga vioo vyote. Watu wawili wakipumua ndani ya bati lililofungwa usiku kucha, asubuhi maji yanachirizika kwenye vioo, shuka zimelowa, na baada ya muda kutu inaanza chini ya godoro. Dawa yake ni kufungua vioo viwili vinavyokabiliana, kila kimoja upana wa vidole vitatu, na kuvaa sweta. Madirishani tumeweka wavu wa mbu uliobandikwa kwa ule mkanda wa kunasana kama wa viatu vya watoto, ili ubanduke ufuliwe, maana vumbi la minadani huziba matundu. Kwenye dirisha la nyuma ipo feni ndogo ya volti 12 inayopuliza kwenda nje. Ikivuta hewa ya ndani, ya ubaridi inaingia mbele. Hata Kongwa kwenye joto tunapata usingizi.

Na hapa naomba Mhariri usinipunguzie maneno. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limebaki na makaa machache ya kuota. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala haamki kuikimbia. Nimeona wenzangu wakivuta jiko ndani kwa sababu ya baridi, wakina mama wenye watoto mgongoni, na nimegonga vioo vya watu usiku kuwaomba walitoe. Mtungi wa gesi nao, ule wa kilo 6, una namna yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, hutuama sakafuni ikisubiri cheche. Sisi tunapikia nje chini ya turubai, na mtungi unakaa kwenye kisanduku kilichotengwa na chumba cha kulala, chenye tundu sakafuni linalotokea chini ya gari.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Paneli moja ya wati 100 juu ya paa na betri ya sola ya ampea-saa (Ah) 100 vinatutosha kwa taa, simu na feni. Betri hiyo ina kama wati-saa 1,200, ila betri ya risasi na asidi ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabuni 600. Feni ya wati 15 kwa saa 8 inakula 120. Birika la umeme la wati 1,500 kwenye volti 12 linadai zaidi ya ampea 120, na nyaya za kawaida zitaungua. Chai ichemkie kwenye gesi. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri, maana waya ulioko kabla ya fyuzi hauna mlinzi.

Uzito nao usisahaulike. Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu matatu ya lita 20 tayari ni kilo 60, weka mabelo, weka mbao. Vizito vikirundikwa nyuma ya tairi za nyuma, usukani unakuwa mwepesi na gari halishiki kona. Madumu yetu yapo katikati, chini, yamefungwa mikanda. Kama gari lilikuwa la abiria, nendeni TRA, mamlaka ya mapato, mrekebishe kadi ya gari na mwenye bima apewe taarifa, usingoje siku ya ajali.

Namna ya kuegesha pia ni sehemu ya nyumba hii. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023, hakuna anayehitaji kuambiwa maji ya mlimani yanafanya nini. Hata hivyo bado naona magari yakilala kwenye makorongo makavu kwa sababu kuna kivuli na kinga ya upepo. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe uko chini ya nyota, na korongo likajaa.

Yote hayo tumeyafanya kwa mikono ya mafundi wetu wa Babati na kwa fedha zetu. Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kulifunga kwa bolti, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni choo. Ndani ya gari tuna ndoo yenye mfuniko mzito na maranda ya seremala, na usiku inatusitiri. Lakini asubuhi ndoo ile inataka pa kumwagwa. Viwanja vingi vya minada nilivyolala havina choo kinachotumika usiku. Vingine vina choo kilichofungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo anakuja na mkusanya ushuru. Mwanamke anavumilia kiu tangu jioni ili asilazimike kutoka gizani. Wengine wanakwenda vichakani, mvua ikinyesha uchafu unashuka kwenye visima vya wenyeji, halafu tunaulizana kipindupindu kimetoka wapi.

Waheshimiwa madiwani wanaosoma gazeti hili, mnapopanga bajeti ya mnada msihesabu ng'ombe na meza tu. Kuna watu wanaolala hapo. Tunaomba choo kinachofunguliwa tangu jioni ya kuamkia mnada, chenye matundu ya wanawake ambayo komeo lake liko upande wa ndani, na shimo la kumwagia ndoo. Tunaomba bomba moja la maji, na taa moja ya sola juu ya nguzo sehemu ya maegesho. Ushuru wa kulala tuko tayari kulipa, mradi tupewe risiti na mlango ukutwe wazi.

Mfanyabiashara wa mitumba,
Babati, Manyara