MINT: KUNYIMWA HAKI YA KUFUTIWA TAARIFA ZANGU

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Nawaandikia kwa heshima, ingawa mhudumu wenu hakunibakishia nyingi.

Niliomba mfute taarifa zangu. Akanijibu nitume kwanza picha ya kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma. Kitambulisho! Mchezo wa kuvuna mahindi kwenye simu, niliouingia kwa kugusa "Endelea kwa Facebook" tu, sasa wataka nambari yangu, tarehe ya kuzaliwa na hadi lokesheni ninakotoka.

Msiniambie nifute programu. Kuifuta kwenye simu hakukati uhusiano wake na Facebook. Nimeshaingia Mipangilio, kisha Programu na Tovuti, nikaugusa mchezo wenu, nikabonyeza Ondoa. Hapo hamchoti mapya, lakini mlichokwisha kuchota kimo kwenye seva zenu, na ni ninyi wa kukifuta. Ndiyo maana niliwatumia nambari ya mtumiaji inayoonyeshwa na Facebook kwa ajili ya mchezo wenu. Mlinisajili kwa nambari hiyo. Kwa nini isitoshe kunifuta?

Tena kabla ya hayo mliomba majina na nambari zote za simuni mwangu, mkinipa sarafu 50 za bure za mchezo. Wenye nambari hizo hawajawahi kuugusa mchezo wenu. Dodoso la Facebook lililozua sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, lilisakinishwa na watu kama 270,000, likazoa taarifa za hadi milioni 87, kwa kupitia marafiki.

Narudia, maana ndipo paliponiuma: nimeomba mpunguze mlicho nacho, mkadai niwaongezee. Nilipouliza picha itahifadhiwa wapi na itafutwa lini, mhudumu akaandika, "Bila kitambulisho hatuwezi kukusaidia," akafunga mazungumzo. Kisanduku cha kuandikia kikageuka kijivu, sina pa kujibu.

Nataka mfute akaunti na nambari zote za simu mlizozoa, mnithibitishie kwa maandishi. Na kwa ukimya wenu naongeza: nipeni orodha ya kampuni za matangazo mlizozipa kitambulishi cha matangazo cha simu yangu, yaani ile namba ambayo watangazaji huitambulia simu.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, cha haki ya kufutiwa taarifa, mnakijua. Nawapa siku 14. Zikipita, picha za mazungumzo yale zinakwenda kwa Kamishna wa Data, mwenye uwezo wa kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5. Na kitambulisho changu hamtakiona.

Mchezaji wa nambari niliyokwisha kuwatumia,
Mombasa