Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, chama cha mafundi lami Tabora

Ndugu wanachama, salamu. Shughuli za kawaida mnazijua, viraka vya Isevya na Ng'ambo, uwanja wa gereji kule Kiloleni, misiba miwili tuliyochangia, sirudii.

Nije kwenye banda maana vijiweni halizungumzwi lingine. Kweli nilitoa laki tisa na nusu kwenye mfuko nikanunua mabati ya kufunika lile lundo la lami chakavu tunayoipika upya kwa viraka, na kweli ofisi yetu bado inavuja. Mnaosema mwenyekiti kaijengea takataka nyumba, hiyo takataka ni kokoto ambayo bado imeshika lami, na lami mpya inatoka nje ya nchi, mpaka pipa lifike Tabora nauli tu inakutoa jasho. Sasa lami ya zamani imeshazeeka na kukakamaa, ukiipiga moto wa nyuzi 160 kama tulivyozoea unaizeesha tena, na ikiguswa na mwali wenyewe inafuka moshi balaa. Ndio maana nikaleta wazo la moto mdogo (nililileta mimi, isisahaulike), unashuka nyuzi 20 mpaka 40 hivi, dizeli inapungua, mnaokohoa kila jioni mnapumua, na ili lami isiwe nzito unaitia nta maalumu kidogo au unairushia maji kidogo sana ikiwa ya moto, inafanya povu inatambaa kwenye kokoto vizuri.

Ila moto mdogo haukaushi kama ule mkubwa. Kile kiraka cha Desemba kilichobanduka mkanicheka, lundo lilikuwa limenyeshewa siku 2, unyevu ukabaki, lami ikaachia kokoto. Hapo ndipo nikanunua mabati. Kiraka cha Februari tumetumia lundo kavu na mpaka leo kipo, kapiteni muone.

Mnauliza kwa nini sikuitisha mkutano. Niliitisha! Januari tulikuwa 9, na wawili walikuwa wamejibanza mvua tu, tena humo humo kwenye ofisi inayovuja. Ningemuuliza nani? Tuko 58, ada ni 3,000 kwa mwezi, waliolipa mwaka mzima ni 13, waliobaki 45 hawajatoa hata mia, hiyo ni 1,620,000, bati za ofisi zimo humo humo mifukoni mwenu.

Mwakani Mungu akijalia tutaangalia paa la ofisi, na mtambo mkubwa kidogo, tutaona.