Senga, mke wangu ameniombea msamaha kanisani na mimi sijakosa

Senga, shangazi yetu wa kushauri mambo ya ndoa, ni saa tisa ya usiku na huyu mama amenigeuzia mgongo toka Jumapili. Yeye analala. Nashangaa mtu anapata wapi usingizi baada ya kushika maiki mbele ya kanisa zima na kusema "naomba mumsamehe baba watoto wangu, kazi imemchosha." Anisamehe nani? Kwa kosa gani?

Niseme mapema mimi si mtu wa kukimbia kanisa. Toka niokoke 2009 sijaruka fungu la kumi. Kazi yangu ni barabara, niko saiti huko Moroto, Ijumaa nikitoka naendesha Nakapiripirit, Mbale, mpaka nyumbani Tororo nafika usiku vumbi limeingia mpaka kwenye meno, Jumamosi nafundisha watoto hesabu, Jumapili asubuhi niko benchi la mbele. Wenzangu saiti wana nyumba ndogo hukohuko, mimi nina picha ya watoto ukutani. Sasa mtu kama huyo ndiye wa kuombewa msamaha?

Jambo lenyewe ni jengo. Unajua makanisa yetu, watu wameongezeka, ikaamuliwa tujenge kubwa lenye ghorofa ya kwaya. Michoro nilichora mimi, bure, usiku. Nikaandika wazi nguzo za kubeba ghorofa zina nondo za milimita 16, simenti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Narudi siku moja nakuta nguzo zimesimama na zimeshapigwa plasta. Plasta! Nani anapiga plasta nguzo kabla slabu, zege la sakafu ya ghorofa, haijamwagwa, kama hana cha kuficha? Nikachomeka ufunguo wa gari nguzo ya tatu, ile ya upande wa kwaya, plasta ikabanduka, ndani kokoto zimekaa wazi kama karanga kwenye kashata, na nondo iliyokuwa inachungulia pale ni ya 12.

Na hii ni Tororo Senga, vumbi la simenti linatua kwenye nguo tulizoanika, halafu sisi ndio wa kubana simenti.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni baba mkwe. Unajua kwetu mkwe humpandishii sauti, hata kumkazia macho ni shida. Nikamwambia taratibu, naangalia viatu vyake, mzee slabu isimwagwe. Akasema anayejenga ni Bwana, sisi tunabeba mchanga tu, na askofu ameshapewa tarehe. Wiki iliyofuata nikaleta ile nyundo ya kupima zege kutoka saiti, nikagonga mbele ya wazee wote, tulitaka nguvu ya 25, hakuna nguzo iliyofika hata 15. Mzee mmoja akauliza kama hiyo nyundo imeokoka. Wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, sijui kwa nini.

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi Kampala lilipoanguka lile kanisa la Kalerwe, watu wako kwenye maombi. Sisi wa uinjinia hatukuongea kitu kingine wiki nzima. Leo naambiwa nina imani ndogo.

Lakini kinachoninyima usingizi sio hicho, ni maiki. Si angeniambia chumbani? Nilikuwa nimempakata kitinda mimba wetu, kanisa zima wanasema amina, mtoto ananiuliza "baba umefanya nini?" Sikuwa na jibu.

Yeye anasema alifanya hivyo kunilinda, eti watu walishaanza kusema nazuia kazi kwa sababu nataka kulipwa. Labda. Ni mtoto wa baba yake pia, hilo nalielewa. Kumwacha sitaki, usinishauri hivyo. Kanisa ndilo naliacha, nimeshaamua, ingawa suti ya Jumapili nimeipiga pasi jana.

Kuna kitu kingine kidogo, sio muhimu sana. Mwezi wa tatu mzee alinifuata msibani na fomu, akasema ni ya manispaa, weka tu sahihi injinia wangu kwamba msingi umeukagua. Sikuwa nimeukagua, msingi ulipomwagwa nilikuwa Moroto. Nikaweka. Kalamu yake, nimeegemea boneti ya gari yangu. Sasa nimeandika barua kwa injinia wa manispaa wasimamishe kazi, nimemwomba bosi ruhusa ya wiki hii, barua iko kwenye dashibodi siku ya nne leo, kila nikifika lile geti gari linapita lenyewe. Nikiipeleka watafungua faili na fomu yangu imo humo. Ni leseni yangu hiyo, ni karo ya watoto watatu. Na mzee wa watu ana presha.

Mama watoto hajui kama kuna barua. Fomu ndiyo kabisa.

Kwa hiyo naomba unishauri nimwambieje mke wangu kwamba alichonifanyia kimeniuma, maana nikianza tu ananijibu "wewe ndiye ulimwaibisha baba kwanza na nyundo yako." Hilo tu. Slabu wanamwaga Jumamosi, kwaya ndiyo itabeba maji, na binti yangu mkubwa ni wa kwaya, ameshaazima ndoo kwa jirani. Nijibu kabla ya hapo. Na mji wetu usiutaje, najua nimeutaja mwenyewe.

Mkwe wa mzee