YAH: Tope la ziwa lililomwagikiwa oili kwenye lori lenu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Ofisi Kuu, Kampala.

Mheshimiwa Meneja,

Wiki iliyopita niliwakabidhi makarani wenu wa Fort Portal masanduku ya tope tulilolichimba chini ya ziwa la kasoko, yapelekwe Entebbe kupanda ndege. Karibu yote yalifika yameloa oili ya injini. Dereva alikiri kwamba jerikani za oili zilipangwa juu yake. Nilipopiga simu, kijana wenu akaniambia: "Tope ni tope, mama, tutakurudishia nauli ya mzigo." Jibu hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe.

Tunachokitafuta humo ni nta. Kila jani lina utando mwembamba wa nta. Upepo na maji huipeleka ziwani, ikazikwa tabaka juu ya tabaka, ikadumu maelfu ya miaka. Hidrojeni iliyo ndani yake ilitoka kwenye mvua iliyounywesha mmea ule. Katika nchi zetu za joto, mvua ikizidi, hidrojeni nzito (aina yenye uzito kuliko ya kawaida) hupungua kwenye nta. Ukame ukiingia, huongezeka. Kaboni nayo hutuonyesha kama palikuwa na msitu au mbuga ya nyasi. Tope la Ziwa Tanganyika lilisomwa hivyo, na mwaka 2008 ikachapishwa historia ya mvua ya miaka 60,000. Ziwa Victoria, ambalo leo tunaliona kama bahari, lilikauka zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Mkulima wa chai wa huku kwetu ana haki ya kujua mvua yake iliwahi kuadimika kiasi gani.

Sasa oili. Nayo, kama nta, ni minyororo ya kaboni na hidrojeni. Kwenye nta ya majani minyororo yenye atomi 29 na 31 za kaboni huizidi sana ile ya 28 na 30, na ndivyo tunavyoitambua. Oili huifunika alama hiyo. Huwezi kuisafisha kwa urahisi, kwa sababu kiyeyusho kinachotoa nta hutoa na oili. Mashine itapima mafuta ya gari pamoja na mvua ya kale. Ndiyo maana tulifunga kwa foili badala ya plastiki, na hakuna aliyegusa tope kwa mikono iliyopakwa Vaseline.

Tena bomba lililobeba tope, lenye mshale wa "JUU", lililazwa ubavu. Tope laini la juu, la miaka ya karibuni, limevurugika lote, na hilo ndilo tulilotaka kulilinganisha na vipimo vya mvua vya wilaya.

Nauli haitoshi. Lipeni gharama ya kurudi ziwani: mashua, vijana wa kuchimba, vyakula na usafiri. Sanduku ambalo halijaloa liwekwe kwenye friji ya nyuzi 4, lisifunguliwe, hadi nitakapomtuma mtu. Na mnieleze kwa maandishi nani aliruhusu oili ipakiwe juu ya mzigo ulioandikwa "SAMPULI, USICHANGANYE".

Nasubiri jibu kabla ya Ijumaa ijayo.

Wenu,
Msimamizi wa sampuli,
Fort Portal