Barua ya wazi kwa vijana mnaouza huduma za kompyuta kwa mita

Wanangu,

Salaam kwenu nyote mnaokodi seva za makampuni makubwa ya ng'ambo, mkaweka programu zenu humo, kisha mkawauzia maduka, shule, zahanati na SACCOS. Nimewasikiliza mkipanga bei, na karibu kila mara hesabu inaanzia palepale: seva inatugharimu kiasi gani kwa saa, tuongeze asilimia ngapi juu yake. Sijatulia tangu niwasikie. Naomba mnipe nafasi niwaeleze habari za CompuServe, kampuni ya Marekani iliyoanza kwa hesabu hiyohiyo, ikapanda hadi juu kabisa, na hesabu ileile ikaja kuibana.

Ilianzishwa mwaka 1969 huko Columbus, jimbo la Ohio, chini ya kampuni ya bima ya maisha iliyoitwa Golden United Life. Bima walihitaji kompyuta kwa kazi zao, lakini mashine waliyonunua, PDP-10, ilikuwa na nguvu kuliko kazi waliyokuwa nayo. Wakafanya kama mwenye mashine ya kusaga anayemaliza mahindi yake saa nne asubuhi, akawafungulia majirani mlango. Ujuzi wa kuwagawia watu wengi kompyuta moja ulikwishaonyeshwa na mtaalamu wa kompyuta Fernando Corbató na wenzake pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1961. Mashine inampa kila mtumiaji kipande kidogo cha sekunde, inaruka kwa mwingine, inarudi, kwa kasi inayomfanya kila mmoja aone kama yuko peke yake. Makampuni ya Ohio na kwingineko yakawa yanapiga simu, yanaunganishwa, yanafanya hesabu zao na kulipia muda waliotumia. Kijana aliyeiongoza, Jeffrey Wilkins, aliijenga vizuri kiasi kwamba mwaka 1975 ilitengana na bima ikasimama kwa miguu yake.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa pana akili ya biashara. Wateja wale walikuwa wa ofisini. Jioni wakienda nyumbani, mashine za mamilioni zilibaki zikinguruma bure mpaka asubuhi. Mwaka 1979 CompuServe waliwafungulia saa hizo za usiku watu wa kawaida wenye kompyuta ndogo nyumbani, wakaiuza huduma hiyo hata kwenye maduka ya Radio Shack. Sisi tumezoea kusema biashara asubuhi. Wao walipata maisha mapya kwenye saa ambazo hakuna aliyekuwa akizitaka, na bahati yao ilikuwa kubwa kuliko walivyojua, kwa sababu kompyuta za bei nafuu zilikuwa njiani na makampuni yangeacha kukodi muda wa mtu mwingine. Wenzao wengi katika biashara ile hawakuwa na usiku wa kukimbilia. Mwaka 1980 wakanunuliwa na H&R Block, kampuni ya kuwajazia Wamarekani fomu za kodi.

Watu wale wa usiku walifuata nini? Hawakufuata mashine. Mwaka 1980 huohuo kiliwekwa chumba cha mazungumzo ambamo mtu aliandika na kujibiwa papo hapo na mtu asiyemjua, aliye mji mwingine. Gazeti la Columbus Dispatch likaanza kusomeka kwenye skrini. Yakazuka majukwaa ya marubani, ya madaktari, ya wapenda bustani, ya wagonjwa wa maradhi fulani waliopeana moyo. Modemu ya enzi ile, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ilipitisha kama herufi 30 kwa sekunde, yaani barua ya ukurasa mmoja ilikuchukua karibu dakika nzima kuitazama ikijiandika. Na bado watu walikaa. Kwa sababu ya wembamba huo wa laini, mwaka 1987 wahandisi wa CompuServe wakiongozwa na Steve Wilhite walitoa GIF, namna ya kubana picha ipite upesi. Mnaitumia hadi leo.

Kwa hiyo bidhaa ilikuwa watu. Bili, hata hivyo, iliendelea kuhesabu muda wa mashine, kwa dola kadhaa kila saa, na mwenye modemu ya kasi zaidi alilipa zaidi. Hata jina la mteja lilikuwa la mashine: hukupewa anwani yenye jina lako bali namba ndefu yenye mkato katikati, na ndani yake hutakuta 8 wala 9, kwa kuwa PDP-10 ilihesabu watumiaji wake kwa tarakimu za 0 hadi 7. Daktari mzima, mwandishi mzima, alijulikana kwa namba ya kabati.

Wateja walijibu kwa vitendo. Zikatengenezwa programu, TAPCIS ikiwa mojawapo, za kuingia mbio, kuchota ujumbe wote, na kukata simu, ili mtu asome na kuandika majibu mita ikiwa imelala. Sisi tuliokuwa kwenye vibanda vya intaneti miaka ile kijana wa kaunta anaandika saa ya kuingia kwenye daftari, tunakumbuka: mtu aliandika barua pepe yake nyumbani kwenye karatasi, akaja kuinakili haraka. Wanangu, mkiona mteja anatafuta njia ya kuwatumia kidogo zaidi huku akiipenda huduma yenu, msimwite mjanja. Anawaeleza kwamba bei yenu imekaa pabaya.

Nami siwalaumu kijuujuu wakuu wa CompuServe. Mita ile iliwalipa kwa miaka mingi. Na waliosimamia majukwaa, ambao ndio waliokuwa roho ya nyumba, walilipwa sehemu ya fedha za saa ambazo wateja walikaa kwao. Kuondoa mita kulikuwa ni kugusa riziki ya watu waliofanya huduma ipendwe. Ndivyo bei inavyoota mizizi: inaingia kwenye mikataba, kwenye mishahara, kwenye ahadi kwa wenye hisa, mpaka kuing'oa kunaumiza kila mtu. Mwaka 1996 walijaribu pembeni, wakafungua huduma ya familia iitwayo WOW! kwa bei moja ya mwezi. Januari 1997 wakaifunga. Wakati huohuo mshindani wao, AOL, alikwisha kutangaza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa. AOL yenyewe ilizidiwa, laini zikajaa, watu wakapiga simu usiku kucha bila kupokelewa. Kwa hiyo sisemi kwamba bei moja ni dawa ya kila ugonjwa. Lakini watu walikwenda huko.

Septemba 1997 yakatangazwa mauzo. Mtandao wa mawasiliano ulichukuliwa na kampuni ya simu ya WorldCom, wateja wakakabidhiwa AOL. Huduma ile ya zamani ilizimwa mwaka 2009.

Muda wa seva mnaoununua leo utaendelea kushuka bei, na simu iliyo mfukoni mwa mteja wenu inazidi kupata nguvu. Basi kabla hamjasaini mikataba mipya, mkalie orodha ya wateja wa mwezi uliopita, jina kwa jina. Kila mmoja mpigieni mumuulize: huduma hii ikizimwa kesho, ni kazi gani itakayokwama kwake? Mhasibu wa SACCOS atawaambia ni ripoti ya kufunga mwezi. Mwalimu mkuu atawaambia ni matokeo kuwafikia wazazi. Andikeni majibu hayo kwa maneno yao wenyewe, kisha mpange bei upya mkiwa nayo mezani, na waiteni wanaolipwa kwa kamisheni wakae nanyi tangu siku ya kwanza ya mazungumzo hayo.

Ni mimi mzee wenu