Mabango yashushwe kwenye madaraja ya miguu mpaka yapimwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu haya mabango makubwa ya matangazo yanayofungwa ubavuni mwa madaraja ya chuma ya waenda kwa miguu hapa Nairobi. Wengine wanalalamika ati yanaharibu sura ya mji, mimi shida yangu ni upepo.

Daraja ninalovuka nikitoka kazini ni trasi, yaani vyuma vimeunganishwa pembetatu pembetatu na katikati ni wazi. Huo uwazi unasaidia, upepo unapita hapo. Sasa mtu amekuja akaziba na turubai kutoka mwisho huu hadi ule, na jioni upepo ukipiga ukishika reli unaisikia inatetemeka mkononi, kina mama wenye mizigo wanahama ule upande wa bango, na ukiinama kuangalia pale fremu iliposhikia kuna nati zimelegea mpaka uzi wa bolti unaonekana, umeshika kutu.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Daraja la Tacoma Narrows kule Marekani lilifunguliwa Julai 1940, na Novemba 7 mwaka huo huo likajipinda pinda likaanguka kwa upepo wa kama kilomita 64 kwa saa tu. Ubavu wake ulikuwa mabamba ya chuma yaliyoziba kabisa, kimo chake mita 2.4 hivi. Walipojenga lingine, lililofunguliwa 1950, waliweka trasi wazi ya kimo cha mita 10. Sisi tumepewa trasi tayari halafu tunaiziba wenyewe!

Sisemi letu litaanguka vile, lile lilikuwa na mita 853 kati ya minara na letu ni fupi sana. Lakini kila daraja lina frikwensi yake ya asili, yaani likisukumwa likaachwa linatikisika mara ngapi kwa sekunde, na likiwa refu bila ugumu wa kutosha hiyo namba iko chini, ukiongeza uzito wa bango inazidi kushuka, inakaribia hatua za watu ambazo ni kama 2 kwa sekunde, na zikilingana mtikisiko unazidi kukua. Kanuni za Ulaya zinataka mtikisiko ukaguliwe kama frikwensi ya juu-chini haifiki hezi 5, yaani mara 5 kwa sekunde. Tena kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne, na chuma kilichochomelewa kikitikiswa kidogo kidogo kila siku kinaweza kupasuka pale kwenye maungio bila mtu kujua.

Kwa hivyo wanaotoa vibali wadai injinia apime frikwensi kabla bango halijafungwa na baada ya kufungwa, matokeo yabandikwe pale pale darajani tuyasome sisi tunaopita. Yaliyoko juu sasa hivi yashushwe kwanza, na hizo bolti zikazwe wiki hii.

Mpita njia,
Thika Road, Nairobi